Jinsi ya Kutambua Vichupa vya Manukato vya Wagiriki na Warumi wa Kale: Mwongozo Kamili

Mtu akisimama mbele ya kabati la makumbusho, au akifungua picha ya kichupa cha kale mtandaoni, macho yake hukimbilia mchoro: simba, askari, mwanamke aliyeketi kaburini. Mchoro unavutia, lakini si pa kuanzia. Vichupa hivi vilitengenezwa kubeba kitu ghali, mafuta yaliyotiwa harufu, na mafundi waliumiza kichwa ili tone lisipotee bure. Akili hiyo yote iko mdomoni, shingoni na kitakoni. Anza huko, kisha nenda kwenye udongo au kioo, na mchoro uwe wa mwisho. Kwa njia hii utaweza kusema chombo ni cha aina gani, kimetoka wapi na ni cha karne ya ngapi, hata kama maelezo yake yamepotea.

Huhitaji vifaa vingi. Chukua rula, daftari, tochi ndogo na lenzi ya kukuzia. Kama huna makumbusho karibu, tumia picha za mtandaoni: Metropolitan Museum of Art ya New York imefungua picha zake nyingi kwa matumizi huru tangu 2017, na British Museum, Louvre na Corning Museum of Glass nazo zina orodha zinazopekuliwa bure. Chagua chombo chenye picha zaidi ya moja. Picha ya upande mmoja haikuonyeshi kitako wala haikuonyeshi mdomo kutoka juu, na hivyo viwili ndivyo utakavyohitaji kuliko vyote.

Kabla ya yote: ndani mlikuwa na nini?

Manukato ya zama hizo hayakuwa na spiriti. Yalikuwa mafuta ya kupaka. Msingi wake ulikuwa mafuta ya zeituni ambazo hazijaiva, au ya lozi, au ya ufuta, au ya mbegu za mti wa jamii ya mlonge, yanayosifika kwa kukawia kuharibika. Humo waliloweka maua, mizizi na utomvu: waridi, mizizi ya irisi, zafarani, mdalasini, manemane. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika kitabu kizima kuhusu harufu. Karne kadhaa baadaye Plinius, Mrumi aliyefariki 79 BK wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, alieleza jinsi mitindo ilivyobadilika: mafuta ya irisi ya Corinth, mji wa Ugiriki, yalipendwa muda mrefu, kisha watu wakahamia ya Cyzicus, mji ulioko Uturuki ya leo.

Sehemu ya malighafi hizo ilipita upande wetu wa dunia. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, unataja manemane na ubani vikipakiwa kwenye bandari za pwani ya Somalia. Unaendelea kusini hadi Rhapta, soko la mwisho la Azania (jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki), ambalo wanahistoria wengi huliweka kwenye pwani ya Tanzania, na kati ya bidhaa zilizoletwa upande huo wa pwani unataja kioo cha namna mbalimbali.

Mafuta yana maadui watatu: joto, mwanga na hewa. Yana pia tabia moja ya kuudhi, kwamba hutiririka polepole na kuchuruzika nje ya chombo. Kumbuka mambo hayo, maana kila hatua hapa chini inayarudia.

Hatua ya 1: Pima urefu

Andika urefu kwa sentimita kabla ya kuandika neno lingine lolote. Picha hudanganya sana. Chombo cha sentimita 7 na cha sentimita 40 huonekana sawa kwenye skrini. Aribalo, kichupa cha mviringo cha Wagiriki, kwa kawaida hujaa kwenye kiganja. Alabastro ni ndefu na nyembamba, mara nyingi kati ya sentimita 10 na 20. Lekitho, chupa ya mafuta yenye shingo na mpini mmoja, inaweza kufika sentimita 30 au 40, na chache zilizotengenezwa Athens kuelekea mwisho wa karne ya 5 KK zinakaribia mita moja. Ukikutana na lekitho kubwa namna hiyo, ujue ilitengenezwa kwa ajili ya kaburi, si kwa matumizi ya nyumbani.

Hatua ya 2: Mdomo

Kaa hapa muda mrefu kuliko kwenye hatua nyingine zote.

Mdomo wa aribalo ni sahani bapa yenye tundu dogo katikati. Mpana ni ukingo. Tundu lenyewe ni finyu. Umbo hilo lina kazi. Mwanariadha aliinamisha kichupa, tone likatoka, akalisambaza kwenye ngozi kwa kutumia sahani ileile ya mdomo. Yaliyobaki juu ya sahani yakarudi tunduni. Michoro ya Wagiriki inatuonyesha aribalo ikining'inia kwa kamba kwenye kifundo cha mkono wa kijana, pamoja na sifongo na strigili, kile kikwanguo kilichopinda cha kuondolea mafuta na vumbi mwilini baada ya mazoezi.

Alabastro nayo ina sahani bapa mdomoni, lakini mwili wake ni mrefu. Hiki kilikuwa hasa chombo cha wanawake, na michoro mingi ya Athens inakionyesha mikononi mwao. Walichovya kijiti chembamba ndani, wakakipitisha kwenye ngozi.

Lekitho ina mdomo wa kikombe. Chunguza ukingo wa ndani: mara nyingi umekatwa kwa makali ili mtiririko ukatike ghafla na mafuta yasishuke ubavuni. Shingo ni nyembamba makusudi, kwa sababu inapunguza kasi.

Kuna chombo kingine ambacho mgeni hukidhania kuwa bakuli: eksaleiptro. Mdomo wake ni mpana, lakini ukingo umekunjwa kwenda ndani na kushuka, kiasi kwamba ukikiinamisha mafuta hujikusanya kwenye mkunjo na hayamwagiki. Kikipewa maelezo ya “bakuli” tu, maelezo hayo hayatoshi.

Kwa vichupa vya kioo vya Warumi, tazama kama ukingo umekunjwa. Fundi aliupasha moto, akaukunjia nje na mara nyingi akaurudisha ndani, akaubana ukawa bapa. Mkunjo huo unaonekana vizuri ukimulika kwa pembeni. Utaona utepe mnene wa kioo na pengine kijimfereji cha hewa kilichonaswa ndani yake.

Hatua ya 3: Kitako

Jiulize swali moja: je, chombo hiki kinaweza kusimama chenyewe? Alabastro haisimami, chini ni duara. Aribalo nyingi za mviringo hazisimami pia. Hiyo ina maana kwamba chombo kilining'inizwa, kilishikwa mkononi, au kiliwekwa kwenye kishikilio. Sasa tafuta ushahidi wa kuning'iniza: tundu kwenye mpini, au vishikio vidogo viwili vya pembeni ambavyo baadhi yake havikutobolewa na vimebaki kama alama tu.

Lekitho ina kitako cha duara kilicho bapa. Kuna lekitho fupi, nene, yenye kitako kipana cha pete, iliyoenea kuanzia nusu ya pili ya karne ya 5 KK. Hiyo inasimama imara mezani. Unguentario, yaani vichupa vidogo vya marhamu, za udongo za kipindi baada ya Alexander Mkuu zina mwili uliovimba katikati, shingo ndefu juu na mguu mrefu chini. Zilianza mwishoni mwa karne ya 4 KK. Katika karne ya 1 KK umbo hilo lilianza kuachia nafasi lile la tone la maji, lenye kitako bapa na bila mguu, na muda mfupi baadaye kioo kikachukua kazi hiyo. Ukiona mguu mrefu, uko kwa Wagiriki wa baada ya Alexander. Ukiona tone lenye kitako bapa, unakaribia Warumi. Kanuni hii ni nyepesi na inafaulu mara nyingi sana.

Hatua ya 4: Malighafi

Udongo wa Corinth ni wa rangi ya malai, mara nyingine una unjano au ukijani hafifu. Udongo wa Athens una madini ya chuma na hugeuka rangi ya chungwa iliyokolea unapochomwa. Tafuta sehemu iliyomeguka, kwa kawaida kwenye ukingo wa mdomo au chini ya kitako, uangalie rangi ya ndani, siyo ya juu. Tofauti hii peke yake hutenga sehemu kubwa ya vichupa vya Wagiriki katika makundi mawili. Udongo mweusi tii hadi ndani, unaong'aa bila kupakwa rangi, utakupeleka Italia, kwa Waetruski, watu walioishi huko kabla ya Roma kutawala.

Jiwe linahitaji tochi. Alabasta ya Misri ina mistari ya mawimbi, na ukiiweka mbele ya mwanga inapitisha nuru ya rangi ya asali. Wamisri ndio walioanza kuchonga alabastro za jiwe hili, na Wagiriki wakaiga umbo kwa udongo, kioo na fedha. Theophrastus aliandika kwamba manukato hupatwa na madhara ya jua na joto, ndiyo maana wauzaji walipendelea vyombo vya risasi na vya jiwe hili, kwa kuwa ni baridi. Ile chupa ya marimari yenye marhamu, katika Injili ya Luka sura ya 7, ni ya jamii hiihii. Na Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, anasimulia kwamba Cambyses, mfalme wa Uajemi, alipotuma zawadi kwa mfalme wa Waethiopia kusini mwa Misri, kati yake kulikuwa na alabastro ya manukato. Mfalme yule hakuyajali manukato wala vazi la zambarau. Alichosifu ni mvinyo.

Hatua ya 5: Kama ni kioo, jua kilivyotengenezwa

Kuna njia kuu mbili, na zikishakukaa akilini hutazichanganya tena.

Ya kwanza ni ya kiini. Fundi alifinyanga kiini cha udongo uliochanganywa na samadi au majani kwenye ncha ya fimbo, akakifunika kwa kioo kilichoyeyuka, mara nyingi cha buluu iliyokolea. Kisha akazungusha nyuzi za kioo cha njano, nyeupe na feruzi, na zikiwa bado laini akazivuta juu na chini kwa kifaa chenye ncha mpaka zikawa mawimbi. Akaviringisha chombo juu ya jiwe laini ili nyuzi zizame. Kilipopoa akakwangua kiini. Vichupa hivi si angavu, ni vizito kwa ukubwa wake, na ndani yake kuna ukwaru na mara nyingine mabaki mekundu ya kile kiini. Katika Mediterania vilitawala kuanzia katikati ya karne ya 6 KK hadi karne ya 1 KK, na kisiwa cha Rhodes hutajwa kama kituo kikubwa cha kazi hii.

Ya pili ni ya kupuliza. Ilianza upande wa Shamu na Palestina katika karne ya 1 KK. Taka za karakana zilizochimbwa Jerusalem ni kati ya ushahidi wa mapema kabisa. Hapa ukuta wa kichupa ni mwembamba, ni chepesi mkononi, na kwa lenzi utaona viputo vidogo vya hewa, vingine vimerefuka shingoni kufuata mvuto. Rangi ya buluu-kijani hafifu si pambo. Inatokana na chuma kilichokuwamo kwenye mchanga. Kupuliza kuliangusha bei. Strabo, mwanajiografia Mgiriki aliyeandika enzi za makaisari Augustus na Tiberius, anasema Roma ungeweza kupata bakuli la kioo kwa sarafu ya shaba. Ndiyo sababu unguentario za kioo zimejaa katika makaburi ya Warumi, ya matajiri na ya watu wa kawaida.

Aina moja naipenda kuliko zote: ndege wa kioo cha kupuliza, wa karne ya 1 BK, aliyejazwa mafuta au poda kisha mkia ukayeyushwa na kuzibwa kabisa. Mnunuzi alivunja ncha ya mkia ili kupata kilichomo. Ukikuta ndege mwenye mkia uliovunjika, usiandike “kimeharibika”. Huenda kilitumika ipasavyo.

Ule mng'ao wa upinde wa mvua juu ya kioo cha kale haukuwekwa na fundi. Unyevu wa udongo umenyonya chumvichumvi za kioo kwa karne nyingi na kuacha matabaka membamba yanayovunja mwanga. Mng'ao wa kweli hauko sawasawa. Upande mmoja huwa mzito kuliko mwingine, na tabaka hubanduka kama maganda. Mng'ao uliotandazwa sawa pande zote, mgumu kama rangi ya kucha, unatia shaka.

Hatua ya 6: Sasa mchoro

Kwa Corinth, umbo na mchoro vinatembea pamoja. Aribalo za kati ya takriban 720 na 690 KK ni za mviringo zenye mapambo ya mistari. Kuanzia hapo mwili unakuwa wa yai, na hadi kufikia 650 hadi 625 KK umechongoka chini kama pea. Baadaye mviringo unarudi na kudumu hadi katikati ya karne ya 6. Tazama vijazio kati ya wanyama: vidoti vilivyopangwa kama ua ni vya mapema, madoa mazito yaliyochanjwa mistari ni ya baadaye. Aribalo zenye ua la petali nne, zilizochorwa harakaharaka, zinapatikana kwa wingi mno sehemu nyingi za Mediterania. Wageni huzipita bila kuzitazama, nami naona hizo ndizo zinazofundisha biashara ya manukato kuliko zile nzuri, maana zilikuwa vifungashio vya bidhaa iliyouzwa mbali.

Lekitho nyeupe za Athens, zilizoshamiri kati ya takriban 470 na 400 KK, ni za wafu. Weupe wake hubanduka kwa urahisi, hivyo hazikufaa kushikwashikwa kila siku. Zile za mapema zina mistari ya rangi inayong'aa. Za baadaye zina mistari iliyofifia isiyong'aa, pamoja na rangi za buluu na nyekundu ambazo nyingi zimepotea. Utaona nguzo ya kaburi iliyofungwa tepe, au Charon, mvushaji wa roho za wafu, na mashua yake. Aristophanes, mwandishi wa tamthilia wa Athens, anamtaja katika mojawapo ya kazi zake yule mchoraji wa lekitho za wafu, kwa hiyo watazamaji wake walimjua mtu wa kazi hiyo. Baadhi ya lekitho hizi zina siri: ndani, chini ya shingo, mna kikombe kidogo. Chombo huonekana kimejaa, kumbe mafuta ni kidogo tu. Tafuta tundu dogo lililotobolewa mwilini mahali pasipoonekana kwa urahisi. Lilikuwa la kutolea hewa wakati wa kuchoma.

Hatua ya 7: Usikisie kilichomo kwa jina

Hapo zamani wakusanyaji waliviita vichupa vya makaburini “vichupa vya machozi”, wakidhani waombolezaji walilia ndani yake. Hakuna ushahidi wa hilo. Vilikuwa vya mafuta na manukato. Jina hilo bado linaonekana kwenye matangazo ya mauzo, na ukilikuta lichukulie kama dalili kwamba muuzaji hakujali kuchunguza.

Njia ya kuaminika ni kemia. Mfano bora ni wa Carmona, Hispania. Mwaka 2019 lilipatikana kaburi la Kirumi la karne ya 1 BK, na ndani yake kichupa kilichochongwa kwa kwatzi angavu, kimezibwa kwa kizibo cha dolomiti (aina ya jiwe) na lami. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Córdoba walichapisha matokeo mwaka 2023: mafuta ya mimea yenye pachuli, mmea wa kutoka India. Kizibo kile ndicho kilichohifadhi harufu. Kwa sababu hiyo, ukiwahi kushika chombo chenye masalia ndani, usikioshe.

Hatua ya 8: Asili yake

Andika kilipatikana wapi, lini, na kilifikaje kilipo. Kichupa kilichochimbwa kihalali kaburini huja na habari za kaburi hilo: kilikuwa upande gani wa mwili, pamoja na kioo cha kujitazamia au strigili, cha mtoto au cha mtu mzima. Kilichoibwa kimepoteza hayo yote milele. Mwaka 1995 polisi walivamia maghala ya mfanyabiashara Giacomo Medici mjini Geneva na kukuta maelfu ya vitu vya kale pamoja na picha zinazovionyesha vikiwa bado na udongo. Ukitaka kununua, dai nyaraka zinazoonyesha kilikuwa nje ya nchi ya asili kabla ya mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya vitu vya kale, au kibali halali cha kukitoa. Bila hivyo, acha. Chunguza pia kama rangi inapita juu ya ufa au pembe iliyomeguka. Rangi ya kale huvunjika pamoja na udongo, ya kuongezwa hufunika.

Hatua ya 9: Andika kadi

Huu hapa mfano, kwa aribalo maarufu ya Macmillan iliyoko British Museum tangu 1889:

Urefu: chini kidogo ya sentimita 7.
Mdomo: kichwa cha simba kilichofinyangwa, kinywa wazi, hauna sahani ya kawaida.
Kitako: mwili umechongoka, mguu mdogo sana.
Malighafi: udongo wa rangi ya malai, Corinth.
Mchoro: mapigano ya askari wenye ngao, chini yake mbio za farasi, chini zaidi uwindaji wa sungura, miale kitakoni.
Tarehe: takriban 640 KK, kwa umbo la pea na ufundi wa kuchanja.
Asili: inasemekana Thebes.

Tazama lile neno “inasemekana”. Liandike kila mara habari ya asili inapotoka kwa muuzaji badala ya mchimbaji. Na tazama jinsi tarehe imeungwa mkono na sababu zilizoandikwa palepale. Tarehe bila sababu haimsaidii atakayeisoma kadi yako. Kisha linganisha na vyombo vingine vitano au sita: kwa udongo tumia hifadhidata ya Beazley ya Oxford, yenye vyombo vya Wagiriki, au majalada ya Corpus Vasorum Antiquorum, orodha ya kimataifa ya vyombo vya kale vya udongo, yaliyoanza kutoka 1922, na kwa kioo pekua orodha ya Corning. Linganisha midomo kwanza. Vyombo viwili vikifanana mdomo, bega na kitako lakini vikatofautiana mchoro, viweke fungu moja. Vikifanana mchoro tu, vitenge.